Njia ya Kupita na Shamba la Mtu: Mwongozo kwa Wanakijiji wa Tanzania Bara

Katika vijiji vyetu mtu hutoka nyumbani alfajiri, akapita pembezoni mwa migomba ya jirani, akakatiza shamba la mtu mwingine ambaye pengine hajawahi hata kusalimiana naye, akafika kisimani, shuleni au makaburini, na siku zote hizo hakuna anayemuuliza anapita kwa ruhusa ya nani. Mambo hubadilika siku shamba linapouzwa. Mwenye shamba mpya anakuja na nguzo na seng'enge, anafunga kila upande kwa sababu karatasi aliyoonyeshwa haikutaja njia yoyote, na kesho yake wanawake wenye ndoo wanakuta njia imeishia kwenye waya. Wao wanamwita mporaji wa njia, naye anawaita wavamizi, na mara nyingi kila upande unasema kweli kwa kadiri unavyojua.

Nilikuwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji katika milima ya Usambara kwa miaka sita, na migogoro ya njia ilinisumbua kuliko ya mipaka. Mpaka una jiwe, una mti, una jirani wa kuushuhudia, ilhali njia ina nyayo tu, na nyayo hufutwa na jembe katika asubuhi moja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, pamoja na kueleza nani anaruhusiwa kupita wapi, utarudi mara kwa mara kwenye kazi ya kuiandikisha njia kabla ugomvi haujazuka. Ninachoeleza ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, na taratibu zake ni tofauti.

Hatua ya kwanza: jua umesimama juu ya ardhi ya aina gani

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa mujibu wake ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Nimewasikia watu wengi wakilitumia neno hilo “umma” kujitetea: ardhi ni ya umma, basi hakuna wa kunizuia kupita. Hoja hiyo haina nguvu. Neno “umma” hapo linahusu mzizi wa umiliki, wala halimnyang'anyi mtu aliyepewa au aliyerithi shamba haki yake ya kulitumia na kumzuia mwingine asiliingie. Ibara ya 24 ya Katiba inailinda haki hiyo, na hakimiliki ya kimila, hata ya ekari moja ya mahindi, ina hadhi sawa mbele ya sheria na hakimiliki ya kupewa na serikali.

Ardhi hiyo ya umma imegawanywa katika makundi matatu, na swali lako la kwanza liwe ni kundi lipi unalokanyaga.

Kundi linalowahusu wengi wetu ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini wa wanakijiji. Ndani yake kuna maeneo ya matumizi ya pamoja, kuna mashamba ya watu na familia, na kuna ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Kisima cha kijiji, malisho, makaburi ya wote na njia za kufikia mahali hapo vinatakiwa viwe katika sehemu ya kwanza, na Halmashauri ya Kijiji inapaswa kuwa na daftari la maeneo ya pamoja. Nenda kaliombe daftari hilo kwa Mtendaji wa Kijiji. Ukiambiwa halipo, hapo ndipo kazi ya kijiji chenu inapoanzia, nami nitaieleza katika hatua ya sita.

Kundi la pili ni ardhi ya jumla. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga na ya chai ya Mufindi, kwa sehemu kubwa, yana hati zilizotolewa na Kamishna wa Ardhi, na Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kuamua kinachotendeka ndani ya mipaka ya hati hizo, hata kama wanakijiji wamezungukwa na mkonge pande zote nne.

Kundi la tatu ni ardhi ya hifadhi, na hapa nitakuwa mkali kwa kuwa watu hupoteza uhuru wao. Kuingia hifadhi ya taifa, pori la akiba au msitu wa hifadhi kunafuata masharti ya sheria zake pamoja na vibali vya TANAPA (wasimamizi wa hifadhi za taifa), TAWA (wasimamizi wa mapori ya akiba) au Wakala wa Huduma za Misitu. Kusema kwamba babu zako walipita hapo hakutakuokoa mbele ya askari wa hifadhi. Kama kijiji chako kinapakana na msitu na kuna njia inayouvuka, uliza ofisi ya misitu ya wilaya ni njia ipi inayotambuliwa na kwa matumizi gani, kisha ubaki humo humo.

Hatua ya pili: ijue njia yenyewe

Ziko nchi ambazo mtu ana haki ya kutembea karibu popote mashambani, mradi asiharibu kitu. Scotland, kwa mfano, iliiweka haki hiyo katika sheria yake ya mwaka 2003. Tanzania haina haki ya jumla ya namna hiyo. Kwetu haki ya kupita hufungamana na njia maalumu, na ukitoka nje ya njia hiyo hatua tano umeingia shamba la mtu. Kwa hiyo lazima ujue njia unayopita ni ya aina gani.

Barabara iliyo chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) haina utata. Ni ya wote, na kwa barabara kuu na za mkoa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayeizungushia uzio hifadhi hiyo ndiye mvamizi, hata kama ana hati ya shamba linalopakana nayo.

Chini ya barabara hizo kuna njia za kijiji, na utata mwingi umo humu. Njia ya kijiji yenye nguvu ni ile iliyoonyeshwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, au iliyoandikwa katika daftari la maeneo ya pamoja, au iliyotengwa na kamati ya kijiji ya uhakiki wa ardhi wakati mashamba yalipokuwa yakipimwa ili kutolewa hatimiliki za kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa kamati hiyo jukumu la kutenga njia na haki nyingine zinazohitajika ili ardhi itumike vizuri zaidi. Nimeshuhudia wapimaji wakizunguka mashamba 40 kwa siku tatu bila mtu hata mmoja kuwauliza kuhusu njia ya kisimani. Jirani walitia saini kuthibitisha mipaka, ramani ikatoka imebana kama ubao wa dama, na njia ikawa imemezwa na mashamba mawili.

Sheria ya Ardhi inatambua pia njia za umma za namna mbili. Moja ni njia ya pamoja, iliyowekwa kwa faida ya watu wote wapite. Nyingine ni mkuza, yaani ukanda wa nguzo za umeme, bomba la maji au bomba la gesi, uliowekwa kwa faida ya taasisi inayotoa huduma. Watu huzichanganya mara kwa mara. Ukanda uliofyekwa chini ya nyaya za umeme unavutia kupita kwa kuwa ni mweupe na umenyooka, lakini mkuza ni wa mafundi na vifaa vyao, na mwenye shamba ambaye mkuza umepita kwake hajakuruhusu wewe kwa kuwa tu ameiruhusu taasisi. Njia ya pamoja huanzishwa kwa maombi rasmi, na mwenye ardhi anaweza kustahili fidia. Kijiji kinachoihitaji kianzie ofisi ya ardhi ya wilaya.

Ipo pia haki ya kupita inayoambatana na shamba moja dhidi ya shamba lingine, kama vile shamba lako liko nyuma na huwezi kulifikia isipokuwa kwa kukatiza la jirani. Haki hii huandikwa baina ya wenye mashamba na kusajiliwa, na ikishasajiliwa haifi mmoja wao anapouza.

Mwisho kuna njia ya ruhusa, na nyingi ya njia zetu, tukisema kweli, ni hizi. Mzee alikuwa na roho nzuri, akawaacha watu wapite. Ruhusa ya namna hiyo ni hisani. Inaweza kuondolewa, na kwa kawaida haigeuki kuwa haki kwa sababu tu imedumu, maana aliyepita kwa kuruhusiwa alikuwa akikiri kila siku kwamba anahitaji kuruhusiwa. Familia ya mzee huyo ikiuza shamba, mnunuzi halazimiki kuurithi ukarimu wake.

Hatua ya tatu: tofautisha jinai na madai

Neno “mvamizi” hutamkwa kwa urahisi sana. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kosa la kuingia kwa jinai: mtu awe ameingia isivyo halali katika mali iliyo mikononi mwa mwingine akiwa na nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali, au awe ameingia kihalali kisha akabaki isivyo halali kwa nia hiyo hiyo. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi 3, na hufikia mwaka 1 kosa likitendeka katika jengo wanamoishi watu, nyumba ya ibada au ghala la kuhifadhia mali.

Angalia mahali neno “nia” lilipokaa. Mama anayekatiza shamba akiwa na ndoo kichwani, akielekea kisimani kwa njia aliyoizoea tangu utotoni, hana nia ya kumtisha wala kumtukana mtu. Anaweza kuwa amekosea, na mwenye shamba anaweza kumdai katika shauri la madai kwa kuingia bila haki, ambalo halitazami nia bali linatazama kama aliingia na kama alikuwa na haki. Kumwita mhalifu ni jambo lingine kabisa. Zaidi ya hapo, pale ambapo umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa, Mahakama Kuu ilieleza katika shauri lililoripotiwa mwaka 1992 kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama kabla umiliki haujaamuliwa katika shauri la madai. Ukiitwa polisi kwa kosa hili huku mgogoro wa ardhi ukiwa bado hai, lieleze jambo hilo tangu maelezo yako ya kwanza, na uonyeshe karatasi yoyote ya shauri lililofunguliwa.

Kukata seng'enge ni hatari zaidi kuliko kupita. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa peke yake. Ni kweli kwamba kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mtu aliyetenda jambo kuhusu mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki, bila nia ya udanganyifu, lakini utetezi huo hutolewa mahakamani ukiwa umeshakamatwa, umeshalala mahabusu na umeshatafuta mdhamini. Nilimfahamu mama mmoja aliyekata waya nyuzi tatu kwa panga ili ampitishe mtoto mgonjwa. Kijiji kizima kilimuunga mkono, na hata hivyo alitembea kilomita 11 kwenda kituoni mara nne kabla jambo halijaisha.

Hatua ya nne: ukiwa ndiwe mpita njia

Pita kwa miguu kama njia ni ya miguu. Njia iliyotambuliwa kwa wabeba ndoo haikupi haki ya kupitisha pikipiki yenye magunia mawili ya viazi, na malalamiko mengi ya haki kutoka kwa wenye mashamba huanzia hapo. Mifugo nayo ina taratibu zake: mapito ya mifugo hutengwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, na mfugaji anayepitisha ng'ombe katika njia ya miguu akala mahindi ya mtu atalipa, tena sheria ndogo za vijiji vingi zimeshaeleza utaratibu wa tathmini ya mazao. Pale ambapo mapito yanavuka vijiji viwili au zaidi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu makubaliano ya matumizi ya pamoja. Vijiji jirani vilivyoungana kwa jina la OLENGAPA, wilayani Kiteto, viliutumia mlango huo kuyalinda malisho yao ya pamoja.

Mwenye shamba akikusimamisha, simama. Salimia kwanza, hata kama yeye amekuja na fimbo. “Shikamoo mzee, naelekea kisimani, hii ndiyo njia tuliyoizoea, kama kuna mabadiliko naomba unielekeze” ni maneno yatakayokusaidia mbele ya baraza lolote, kwa sababu yanaonyesha kuwa hukuja kuudhi. Akikukataza waziwazi usipite tena, na njia haijaandikwa popote, rudi kwa siku hiyo na uende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kupita kwa ubishi baada ya kukatazwa ndiko kunakoweza kuligeuza jambo la madai liwe jinai.

Kuhusu maji, kuna jambo linalowapotosha wengi. Maji yote ni mali ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haikudai kibali kwa kuchota maji ya matumizi ya nyumbani, lakini inamtaka mchotaji awe na njia halali ya kuyafikia. Kwa maneno mengine, haki ya maji haibebi haki ya njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, jambo linaloweza kukusaidia kumpinga aliyejenga ukuta ukingoni, ila nalo haliufungui uzio ulio mita 300 kutoka majini.

Hatua ya tano: ukiwa ndiwe mwenye shamba

Kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza, tembea shamba lako lote asubuhi ya siku ya shule. Utaona kwa macho yako ni nani wanaopita na wanaelekea wapi. Kisha muulize Mtendaji wa Kijiji kwa barua kama njia hiyo imo katika daftari au mpango wa kijiji, na umwombe akujibu kwa barua. Ikiwa imo, uzio wako lazima uiache, na gharama ya kuurudisha nyuma itakuwa yako.

Ikiwa haimo, una haki ya kuifunga, lakini haki hiyo itumie kwa utaratibu. Toa taarifa kupitia mkutano wa kitongoji, taja tarehe, na ikiwezekana uonyeshe njia mbadala pembezoni mwa shamba. Ukiamua kuendelea kuwaruhusu watu bila kutaka ruhusa hiyo ichukuliwe kuwa haki, weka kibao kinachosema “Njia ya ruhusa ya mwenye shamba” na umpe mwenyekiti wa kitongoji nakala ya barua inayosema hivyo hivyo. Kwa maoni yangu, mwenye shamba mwenye busara huacha mita moja na nusu pembezoni na kuandikishana na kijiji, kwa sababu mita hiyo moja na nusu humletea majirani watakaopiga yowe mwizi akiingia usiku.

Usimpige mtu, usimfunge kamba, wala usitege mashimo au waya wenye umeme. Ukimkuta mtu anatenda kosa shambani mwako, sheria inakuruhusu kumkamata katika mazingira fulani, nawe unapaswa kumkabidhi polisi au uongozi wa kijiji bila kuchelewa. Kumtoza faini wewe mwenyewe papo hapo, au kumnyang'anya jembe lake liwe dhamana, ni kosa jipya unalolizaa wewe.

Hatua ya sita: andikisheni njia

Hii ndiyo kazi ninayoomba kila kijiji kiifanye, tena kabla ya msimu wa kuuza mashamba, ambao kwetu huja baada ya mavuno.

Anza na watu watano au sita: mzee aliyezaliwa hapo, mwanamke anayechota maji kila siku, mwalimu au mwanafunzi mkubwa anayeijua njia ya shule, mwenyekiti wa kitongoji, na wenye mashamba ambayo njia inayapita. Msiwaache hao wa mwisho nje. Njia iliyoandikwa bila wao ni mgogoro ulioahirishwa. Tembeeni pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila inapokata kona, simameni, mtaje alama isiyohama, mkapige picha kwa simu na kusoma majira ya nukta (GPS) ikiwa simu ina uwezo huo. Upana upimeni kwa futikamba. Wazee wa kwetu walikuwa na kipimo chao: njia inatosha kama jeneza lililobebwa na watu wanne linapita bila kugusa mazao ya upande wowote. Tulipokipima kipimo hicho kwa futikamba, kwa watu wanne halisi waliobeba ubao, tulipata mita mbili na sentimita kumi, na hakuna mwenye shamba aliyebisha tena kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amezika.

Kisha andikeni maelezo kwa maneno yanayoweza kufuatwa na mgeni. Mfano: “Njia inaanzia kona ya kaskazini ya shule ya msingi, inapita kati ya shamba la mwenye namba ya kwanza na la mwenye namba ya pili katika orodha iliyoambatishwa, inashuka hadi mkuyu mkubwa ulio juu ya mwamba, inakata kushoto na kufuata ukingo wa matuta hadi chemchemi. Upana wake ni mita 2 kwa urefu wote. Matumizi yake ni kupita kwa miguu, kubeba maji, kubeba wagonjwa na kwenda mazikoni. Pikipiki na mifugo haviruhusiwi.” Sentensi ya matumizi ni muhimu kama ya mahali, kwa kuwa ndiyo inayomtoa hofu mwenye shamba.

Pelekeni maelezo hayo kwenye Halmashauri ya Kijiji, na kutoka hapo kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hakikisheni muhtasari wa mkutano unaandika uamuzi wenyewe. Maneno “njia ilijadiliwa” hayatoshi. Ambatisheni orodha ya mahudhurio yenye saini. Nakala ibaki ofisini, nyingine iende kwa afisa ardhi wa wilaya, na ya tatu itunzwe na mtu mwaminifu nje ya ofisi, kwa sababu ofisi za vijiji huvuja na watendaji huhamishwa. Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, ombeni njia iingizwe wakati wa mapitio. Kama mnajiandaa kupima mashamba kwa ajili ya hatimiliki za kimila, njia ipimwe kwanza kabla ya shamba lolote, na iachwe nje ya kila hati. Mnaweza pia kutunga sheria ndogo ya kijiji inayozuia kuziba njia zilizoandikishwa, ambayo itahitaji kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Mnunuzi naye ana sehemu yake hapa. Uhamishaji wa hakimiliki ya kimila unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na kikao cha idhini ndicho mahali pa kumsomea mnunuzi njia zote zinazopita katika shamba analolinunua, na aweke saini kwamba amesomewa.

Hatua ya saba: mgogoro ukishazuka

Nenda kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na angalau watatu kati yao lazima wawe wanawake, jambo lenye maana kubwa katika migogoro ya njia za maji. Kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kumlazimisha mtu, lakini makubaliano yaliyoandikwa mbele yake na kutiwa saini yana uzito mkubwa baadaye. Omba wajumbe waje njiani, wasikae ofisini. Mgogoro unaosikilizwa mezani huchukua wiki, na ule unaosikilizwa mbele ya uzio mara nyingine huisha kabla jua halijawa kali.

Usipopata suluhu, peleka shauri Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena nani ana haki. Linasuluhisha, na likishindwa linatoa cheti kuonyesha kwamba limeshindwa. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri bila suluhu kupatikana, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Kwa hiyo tunza karatasi yenye tarehe uliyofungua shauri, na usikubali kuzungushwa mwaka mzima kwa kuambiwa “njoo Jumatano ijayo”. Mbele ya Baraza la Wilaya unaweza kuomba zuio la muda ili njia ibaki wazi, au ili watu wasipite, hadi shauri liamuliwe. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya inaweza kukuelekeza aliko.

Neno moja kwa wanaoishi mipakani, Taveta, Namanga au Lunga Lunga, ambao wana shamba upande mmoja na ndugu upande wa pili. Kenya ina sheria yake mahususi kuhusu kuingia ardhi ya mtu, na kwa mujibu wake kuingia ardhi ya binafsi bila ruhusa ya mkaaji na bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, na mzigo wa kuthibitisha ruhusa au sababu hiyo uko kwa aliyeingia. Ulichokizoea Tanzania usikivukishe mpaka.

Njia yenu ikishaandikishwa, au ikisharudishwa kwa uamuzi wa baraza, panga siku moja kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, mwenyekiti wa kitongoji aitishe watu wenye mafyekeo waisafishe kutoka mwanzo hadi mwisho. Watakapofika kwenye kila alama, mtu mmoja asome maelezo kwa sauti, na vijana wanaoisikia kwa mara ya kwanza waandikwe majina yao chini ya karatasi ya mwaka huo.